Gari inapiga resi yenyewe? Nimekijaribu kifaa cha ELM327 hapa Arusha

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo tupo Unga Limited, na hii gari nyuma yangu tabia yake wengi mtaitambua. Unaachia eksileta kwenye foleni pale Kilombero, badala ya kutulia inazidi kuvuta, mpaka unaishikilia kwa breki kama unamzuia ng'ombe. Mwenyewe kaambiwa anunue throto mpya, yaani kile kifaa kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Kabla hajatoa hela, tunaiuliza gari yenyewe kwa hiki kidude.

Hiki ni ELM327 ya Bluetooth. Kidogo, unakichomeka kwenye soketi iliyoko chini ya usukani, kinasoma kompyuta ya gari na kukuonyesha kwenye simu. Mimi nimenunua 35,000. Niseme mapema, cha kwangu ni kopi, na chako pia kitakuwa kopi. Kampuni ya Kanada iliyobuni chipu yenyewe ilishafunga biashara mwaka 2022. Nyingi zimeandikwa "v1.5", toleo ambalo kampuni ile haikuwahi kulitoa. Cha kuchekesha, hizo za 1.5 mara nyingi zinafanya kazi vizuri kuliko kopi za "v2.1", ambazo zimepunguzwa amri na kuna gari zitagoma kabisa.

Lakini subiri, sijachomeka bado. Piga goti, tazama miguuni. Hii kapeti mnaiona? Ni ya gari nyingine, imewekwa juu ya kapeti ya mwanzo, na ncha yake inagusa eksileta. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego kule Marekani, watu wanne walikufa kwenye Lexus ES 350 ambayo kapeti yake ilikuwa ya modeli nyingine, ikanasa pedali. Toyota, wenye Lexus, wakayaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa, mengine kwa kapeti, mengine kwa pedali zinazogoma kurudi. Serikali ya Marekani ikawaita hadi wahandisi wa NASA wachunguze kompyuta za magari hayo, na ripoti ya Februari 2011 ikasema hawakuona hitilafu ya umeme inayoweza kufungua throto kwa kiasi kile. Kwa hiyo hii kapeti naitoa, naitupa nyuma. Bure kabisa, hakuna kifaa kilichotumika.

Sasa tunachomeka. Breki ya mkono juu, gia kwenye P. Namba ya siri ni 1234, ikikataa jaribu 0000. Wa iPhone, hii ya Bluetooth ya kawaida haitawashika, tafuteni ya WiFi.

Kusoma kodi kwanza, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi: hakuna kodi. Hapa ndipo watu wengi wanachomoa na kusema kidude hakina maana. Mimi nasema kodi ndiyo sehemu dhaifu ya kifaa hiki. Utamu uko kwenye namba zinazotembea. Chagua nne tu, kwa sababu ukijaza skrini kinakuwa kizito na mruko wa resi utapita hujauona. Chagua pedali D, pedali E, resi, na ile yenye herufi LTFT.

Pedali ya umeme ina sensa mbili zinazochungana. Sogeza simu hapa... mguu haupo, D inasoma 16, E inasoma 31. Nakanyaga taratibu, zote zinapanda pamoja, hakuna inayoruka. Naachia, zimerudi palepale. Moja ingeachana na mwenzake, kompyuta ingeweka kodi P2138 na gari ingekuwa nzito, haiendi. Maana yake pedali ni nzima, na resi haiagizwi na mguu. Angalia sasa: pedali imelala, resi 1,700, injini imeshapata moto, AC imezimwa. Ingekuwa asubuhi ya Julai hapa Arusha injini ikiwa ya baridi, hata 1,400 nisingeshtuka.

Sasa LTFT. Hii inasema kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani. Kungekuwa na hewa inayoingia kwa mlango wa uani, tuseme mpira wa hewa umepasuka au wa busta ya breki umelegea, sensa ya hewa isingeihesabu, na hapa ungeona jumlisha 15, jumlisha 20, halafu inashuka ukipandisha resi. Sisi tuna jumlisha 2. Hewa yote inapita mlango wa mbele na inahesabiwa. Basi ni throto yenyewe inapitisha nyingi mno.

Nikamuuliza mwenye gari: throto imesafishwa lini? "Wiki iliyopita, na tatizo lilianza siku hiyohiyo." Haya! Kompyuta ilishazoea throto chafu, ikawa inaifungua zaidi kidogo ili silensa, yaani ile resi ya injini ukiwa hujakanyaga eksileta, isizime. Uchafu umeondoka, uwazi umebaki uleule. Inatakiwa ifundishwe upya silensa yake, na kila gari ina utaratibu wake. Throto mpya ya nini?

Ambao gari zenu zina sensa ya MAP, ile inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, jambo moja. Ukiwasha switchi bila injini, mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema utaona 100 au 101 kPa. Hapa tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, utaona 85 au 86. Moshi utaona kama 91. Usiuziwe sensa kwa sababu hiyo.

Na ikikukamata barabarani, tuseme unashuka Tengeru: kanyaga breki kwa nguvu mara moja na usiachie, usiipampu, maana throto ikiwa wazi busta inaishiwa msaada. Weka N. Injini itapiga kelele, iache ipige. Toka pembeni ndipo uzime, na ufunguo usiufikishe kwenye loki, usukani utajifunga.

Ninunue nisinunue? Kama gari yako ni ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000, nenda nayo dukani ukijaribu kabla ya kulipa, kwa sababu nyingi hazitaongea nacho. Kama eksileta yako ni ya kuvutwa na waya, si ya umeme, sensa za pedali huna, faida inapungua. Ukitaka ABS au airbag, hiki kwa kawaida hakisomi. Kwa wengine wote, chukua. Nakipa saba kwa kumi. Nimekata alama kwa sababu kasi yake ni ndogo, na kwa sababu ukikisahau kimechomekwa wiki nzima gari imepaki, unaweza kuamka betri imekufa.