Bawa nene au jembamba?

Cessna 172, ndege ndogo ya kujifunzia urubani, hutumia umbo la bawa liitwalo NACA 2412: unene ni asilimia 12 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Pua ikiinuka kupita kiasi, hewa huanza kubanduka bawani taratibu kwa nyuma, rubani akapata onyo kabla nguvu ya kuinua haijapotea.

F-104 Starfighter, ndege ya kivita ya Marekani, ni kinyume. Unene asilimia 3.36 tu, na ukingo wa mbele mkali hivi kwamba ndege ikiwa chini ulivalishwa kava usiwakate mafundi! Ikipita kasi ya sauti, wembamba huo hupunguza sana ukinzani wa mawimbi ya mshtuko. Polepole ndiyo balaa: nguvu ya kuinua ni haba, hivyo hutua kwa kasi kubwa. Bawa halikuwa na nafasi ya mafuta, kwa hiyo matangi ya ndani yalikaa kiwiliwilini. Mwanafunzi wa urubani ningempa bawa nene bila kusita.