Kempa ya Arusha kwenye joto la Pangani: siku sita ndani ya HiAce ya kulala

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko uani hapa Majengo, Moshi, na mnaona nimeshika mpira wa maji. Naosha chumvi. HiAce hii imerudi jana usiku kutoka Pangani na Saadani, na kesho asubuhi naipeleka Arusha kwa mwenyewe. Kabla haijaondoka, twendeni ndani.

Ilikuwa daladala. Tazameni sakafuni, matundu ya nati za viti bado yapo. Fundi kang'oa viti, kapiga mbao kuta zote, kaweka kitanda nyuma, jiko la gesi la plate mbili, tenki la maji la lita 60, friji ya volti 12, na sola ya wati 100 juu ya paa. Kuikodi ni laki na nusu kwa siku, mafuta juu yako. Useremala nampa maksi zote: Moshi, Same, Mombo mpaka Segera, na matuta yetu mnayajua, droo hata moja haikufunguka. Barabarani haina shida, mradi uwe na subira ya kwenda 50 vijijini, maana tochi za trafiki zipo.

Tatizo linaanza ukifika baharini. Gari hili limejengwa na mtu anayelala na blanketi mbili! Kuta zimejazwa sponji, madirisha yanayofunguka ni mawili tu, tena madogo. Kwa Arusha ya Julai, raha tupu. Sasa sisi tumekwenda mwisho wa Januari. Usiku wa kwanza Ushongo, ufukweni kusini mwa Pangani, saa nne, mke wangu ananiuliza, "Baba, jiko umezima?" Jiko nilizima tangu saa moja.

Tukajifunza ujanja. Januari kule unavuma upepo wa kaskazi, unatoka baharini. Mlango wa kuburuta wa HiAce uko kushoto, kwa hiyo unaegesha pua ikielekea kusini, mlango unatazama bahari, upepo unaingia wenyewe. Safi kabisa. Ila mlangoni hapakuwekwa neti. Chagua: ufunge uive, au ufungue ukaliwe na mbu. Usiku wa pili nilibana chandarua cha nyumbani kwa vibanio vya nguo, hivi hapa, na ndivyo vifaa bora kuliko vyote humu ndani. Mia tano sokoni.

Friji nayo. Hapa kwetu inawaka kidogo, inapumzika. Kule haipumziki. Na betri ya pili aliyofunga fundi ni N100 ya kawaida ya gari, ambayo kazi yake ni kuwasha injini kwa mkupuo, siyo kulisha friji usiku kucha. Ukiinyonya chini ya nusu mara kwa mara, unaiua. Mchana sola ingeijaza, lakini sola inataka jua na wewe unataka kivuli cha mnazi. Tulikaa kivulini. Siku ya tatu asubuhi samaki walikuwa wananuka, tukawapa paka.

Kuhusu mchanga nitasema haraka: haina 4x4. Nilipunguza upepo wa matairi kutoka 40 hadi 20, na bado vijana wa pale walitutoa kwa kutandika makuti chini ya tairi. Sikuilaumu, HiAce ni HiAce.

Wakati tunasubiri kivuko cha Pangani kwenda Bweni, nilimwonyesha mke wangu mto. Maji yale yanatoka kwetu: mito ya Ruvu na Kikuletwa inakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu inashuka mpaka pale. Akasema basi na baridi ingeshuka nayo.

Saadani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ndiko Tanzania Bara inakoweka wanyama na bahari pamoja. Msiende masika, ule udongo mweusi ukilowa hatoki mtu. Na kule ufukwe wa Madete kasa huja kutaga, na mwanga huwachanganya. Sasa angalieni swichi hii: moja tu, inawasha taa za ndani na ile ya nje kwa pamoja. Kwa hiyo ili kasa wasisumbuke, tulikula wali kwa tochi ya simu tumeifunika kanga.

Kwa Ngorongoro, Lushoto, au kulala West Kilimanjaro, ningeikodi tena kesho. Kwa pwani, mwambieni mwenye gari aweke feni ya kwenye paa, neti mlangoni na betri ya sola yenyewe, la sivyo mchukue hema mlale nje yake.

Ngojeni, sogeza kamera hapa. Namwaga maji kwenye reli ya mlango… mnaona? Mara ya tatu hii, na mchanga wa Ushongo bado unatoka.