Kopo la "seli shina" nililomnunulia mama: tathmini ya mteja

Mwezi uliopita nilinunua kopo la vidonge sitini kwa shilingi 185,000 katika duka moja la virutubisho hapa Ngamiani, Tanga, baada ya muuzaji kumhakikishia mama yangu, ambaye moyo wake umedhoofika tangu alipopata shambulio la moyo, kwamba seli shina zilizomo, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zitaotesha mishipa mipya ya damu pale ya zamani ilipoziba. Duka ni safi, muuzaji alimwamkia mama shikamoo na kumpa kiti, na risiti tulipewa bila kuiomba.

Nyumbani nilisoma maandishi madogo ya kopo: unga wa seli za tufaha na zabibu. Seli za tufaha haziwezi kuwa ukuta wa mshipa wa binadamu. Zikifika tumboni humeng'enywa kama tunda lenyewe. Seli shina wanazozitafiti madaktari ni seli hai, na katika majaribio ya tiba ya moyo hazimezwi, bali hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye mishipa ya moyo au hudungwa katika misuli yake. Elimu yenyewe ni ya kweli, na ndiyo maana nachukia kuona jina lake likiuziwa wagonjwa namna hii. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alirudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya seli shina, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2012 pamoja na John Gurdon, na leo maabara huotesha kutokana na seli za aina hiyo misuli ya moyo inayodunda. Hata hivyo, majaribio ya kuwatia wagonjwa wa moyo seli za uboho wao wenyewe yameleta nafuu ndogo isiyotabirika, wala hayajawa tiba ya kawaida.

Kosa kubwa zaidi ni ushauri. Muuzaji alimwambia mama "apumzishe" dawa za hospitali ili seli "zishike", naye akaacha aspirini kwa siku nne kabla sijagundua. Aspirini huzuia damu isigande ndani ya mshipa uliosinyaa, na kwa mgonjwa kama yeye kuiacha ghafla huweza kuleta shambulio jingine. Nilimkimbiza Hospitali ya Bombo, ambako daktari alimpima na kumrejeshea dawa zake siku hiyohiyo.

Niliporudisha kopo, muuzaji alikataa kunirejeshea fedha kwa kuwa lilikwisha kufunguliwa, akasema, "Dada, mvumilie mama miezi mitatu." Natoa nyota moja, nayo ni ya ile risiti, ambayo nimeiambatisha kwenye malalamiko niliyoyapeleka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.