Siku moja Lisbon: ziara ya Belém, na dhahabu ya Kilwa waliyonificha

Mimi mtu wa Mombasa, nimekulia karibu na Fort Jesus, basi Lisbon nilikwenda na dukuduku langu: nipaone walikotoka Wareno waliotujengea ngome ile. Nikalipia ziara ya siku nzima, asubuhi mtaa wa Belém na mchana mji mkongwe. Kampuni siitaji.

Tulipanda tramu ya 15 hadi monasteri ya Jerónimos. Foleni ilitula saa nzima juani, na tiketi tulikuwa nazo mkononi! Lakini kuingia tu, hasira zikashuka. Mawe yamechongwa kamba za meli na majani hata fundi wa milango ya Lamu angesimama akatazama. Vasco da Gama amechongwa juu ya kaburi lake, kalala chali, viganja vimekutana kama mtu anayeomba. Alifia Kochi, India, 1524. Masalia yake yaliletwa hapa 1880.

Mwongozaji alituhadithia pilipili, ujasiri na dhoruba. Malindi, alikopewa rubani wa kumvusha hadi India mwaka 1498, haikutajwa. Nikamwuliza: na Kilwa je? Akaangalia saa, akasema twendeni tukale pasteli, vile vikeki vyao vya mayai.

Nazo pasteli, haki yake nimpe. Pale Belém zinaokwa tangu 1837. Ganda linavunjika mdomoni, ndani laini ya mayai na maziwa, juu unajinyunyizia mdalasini. Nilikula nne. Kahawa yao chungu kama ya kwetu ya Mji wa Kale, ila tangawizi hamna.

Mchana nikawaaga, nikaenda peke yangu Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho yao ya taifa ya sanaa ya kale. Ndani ya kabati la kioo kuna monstransi, chombo cha kanisa cha kuonyeshea ekaristi, dhahabu tupu iliyotiwa rangi, na mitume 12 wadogo wamepiga magoti. Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe, kikamalizika 1506. Dhahabu yenyewe ni ya Kilwa: da Gama alifika na mizinga mwaka 1502, akamlazimisha mtawala wa pale kulipa kodi. Walilipa, na 1505 Wareno wakarudi wakauteka mji vilevile. Mombasa nayo wakaichoma mwaka huohuo.

Nilikizunguka kile chombo mara tatu. Ni kizuri, siwezi kusema uongo. Mama mmoja mlinzi akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, akatikisa kichwa tu, sijui alielewa nini.

Tramu ya 28 sikuipenda: mmebanana kama dagaa, na wachomozi wamo. Vaeni viatu vyenye soli ya kushika, mawe ya njia zao yanateleza hata pakiwa pakavu.

Ziara naipa nyota mbili, zote za pasteli. Makumbusho tano. Msiende Jumatatu, hufungwa.