Mashine ya Viungo kwa Seremala Mwenye Mtaji Mdogo: Ya Biskuti au Ruta?

Seremala wa Mtwara anayetaka kuacha kuchimba kila tundu kwa patasi, na ambaye fedha zake zinatosha mashine moja tu, kwa kweli anachagua kati ya mbili: mashine ya biskuti na ruta ya kuzamisha, yaani mashine inayoshusha biti inayozunguka kwa kasi ndani ya ubao na kuchimba. Katika karakana yetu hapa mjini tumezitumia zote kwa milango, vitanda na meza za mninga na mkongo, na hukumu yangu ni kwamba anunue ruta, hata kama muuzaji atamwambia kuwa ile ya biskuti ni nyepesi zaidi kujifunza, jambo ambalo ni kweli.

Mfumo wa biskuti ulibuniwa na seremala wa Uswisi, Hermann Steiner, katikati ya miaka ya 1950. Kisahani cha msumeno chenye kipenyo cha milimita 100 hivi huingia ubavuni mwa ubao na kuacha mfuo wa upana wa milimita 4, kisha kipande bapa cha mbao ya mti wa Ulaya uitwao beech iliyoshindiliwa, yaani biskuti yenyewe, hutiwa humo pamoja na gundi nyeupe, hunywa maji ya gundi na kuvimba hadi kujaza nafasi. Kwa kuunganisha mbao za uso wa meza, au kwa makabati ya mbao za kiwandani, sijaona kifaa cha bei ya wastani kinachofanya kazi hiyo kwa haraka na unadhifu kama huo. Makita PJ7000, yenye wati 701 na mizunguko 11,000 kwa dakika, ni mfano mzuri: kiegemeo chake ni imara na hushika nyuzi 90 bila kuhangaika.

Shida ni kwamba wateja wetu wengi hawaagizi makabati. Minada ya korosho ikishalipa, watu wa Newala, Tandahimba na Masasi huja kutaka vitanda vya familia na milango ya mbele, na viungo vya kazi hizo hubeba uzito na kuvutwa kila siku. Biskuti kubwa ya kawaida, ile ya namba 20, ina upana wa milimita 23 tu, kwa hiyo huingia chini ya milimita 12 kila upande. Inatosha kulinganisha mbao mbili, lakini haitoshi kushikilia fremu ya mlango wa mkongo. Zaidi ya hayo, hewa ya pwani yetu hasa kati ya Desemba na Aprili huzivimbisha biskuti zikiwa bado kwenye pakiti, na zikishavimba hazipiti kwenye mfuo. Anayezitumia hana budi kuzihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Ruta humrudisha seremala kwenye ulimi na tundu, ambapo ncha ya ubao mmoja huingia kwenye tundu la mwingine, kiungo ambacho mafundi wa pwani hii walikichimba kwa mkono kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba hapa ulimi hukatwa peke yake: unachimba matundu mawili yanayotazamana, kisha unatia kipande cha mbao ngumu kinachoingia pande zote mbili. Ununue ruta ya wati 1,600 hivi yenye uwezo wa kushika biti za shina la milimita 12, kwa sababu biti ya shina la milimita 6 hupinda ikikutana na mkongo, na tundu hutoka pana kuliko ulivyokusudia. Unene wa ulimi uwe karibu theluthi moja ya unene wa ubao. Kalibu ya kuongozea ruta unaitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, ikiwa na mfereji ulionyooka na kipande cha kubana ubao kwa chini. Hiyo ndiyo siri ya unafuu wake, maana usahihi unatoka kwenye kalibu yako wala si kwenye bei ya mashine.

Chimba kwa awamu, milimita 3 hadi 5 kila mara, huku ukivuta vumbi nje. Kwenye mvule uwe mwangalifu zaidi, kwani ndani yake mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa vinavyoua makali ya biti kwa pigo moja. Barakoa ni lazima, hasa kwa mvule na mninga, ambavyo vumbi lake huwasha mapafu.

Nimeulizwa pia kuhusu Domino DF 500 ya Festool ya Ujerumani, ambayo hufanya kazi hii ya ulimi huru kwa sekunde chache. Ni mashine ya ajabu, lakini bei yake Marekani huzidi dola 1,000 kabla ya usafiri na ushuru, na tundu lake la kina kirefu kabisa ni milimita 28. Kwa mlango mzito ningetaka kina zaidi ya hapo.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe dukani. Ishushe na kuipandisha uone kama nguzo zake mbili zinateleza bila kukwama, tikisa kishikio cha biti kama kina mchezo, kisha uulize kama kaboni za mota na swichi za akiba zinapatikana, kwa sababu Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa na mashine iliyolala ni hasara ya kila siku. Soma pia kibao cha umeme kilicho kwenye mashine: za mtumba kutoka Japani nyingi ni za volti 100, na ukizichomeka kwenye volti 230 zetu bila kibadilishi, mota itaungua. Fedha itakayobaki nunua biti mbili nzuri za kabidi zenye mzunguko wa skrubu, milimita 10 na milimita 12, badala ya seti ya biti nyingi za bei rahisi.