Mwaka Mmoja katika Mafunzo ya Uongozi kwa Walimu Weusi: Uzoefu Wangu

Ninafundisha hisabati katika shule ya umma mjini Louisville, Kentucky, na mwaka uliopita nilihudhuria mpango wa kuwalea kiuongozi na kihisia walimu weusi na wenzao wasio Wazungu. Tulikutana Jumamosi moja kila mwezi, na katikati ya vikao kila mmoja alizungumza kwa simu na mlezi wake.

Nilijiunga nikiwa na uchovu usioondoka kwa usingizi. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa familia za Kikongo zilizoishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na kwa kuwa mimi ni Mtanzania, mzazi wao akifika shuleni ninaitwa kutafsiri, na kijana mweusi akikorofishana na mwalimu yeyote analetwa kwangu nimtulize. Sikujua kwamba mzigo huo una jina, mpaka tulipojifunza kwamba mwaka 2016 John B. King Jr., aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, aliandika kuuhusu na kuuita kodi isiyoonekana.

Mlezi wangu, mama mweusi aliyestaafu ukuu wa shule, ndiye aliyenifaa kuliko kitu kingine chochote. Alinieleza jinsi maelfu ya walimu na wakuu wa shule weusi walivyopoteza kazi baada ya hukumu ya Brown ya mwaka 1954, ambayo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma, kwa sababu watoto walihamishiwa shule za Wazungu lakini walimu wao hawakuchukuliwa. Mpaka leo, katika shule za umma nchini Marekani, karibu walimu 80 kati ya 100 ni Wazungu, ilhali wanafunzi Wazungu hawafiki nusu. Nilipolielewa hilo, niliacha kuuona upweke wangu katika chumba cha walimu kuwa kasoro yangu mwenyewe.

Kisha akaniagiza niandike, kwa wiki tatu, kila saa niliyotumia katika kazi isiyokuwemo kwenye mkataba wangu. Zilifika saa 19. Niliipeleka karatasi hiyo kwa mkuu wangu pamoja na maombi mawili: nitambuliwe rasmi kuwa mratibu wa uhusiano na familia, na nipunguziwe kipindi kimoja. Alikubali yote mawili, na sauti yangu haikutetemeka, jambo ambalo mwaka mmoja kabla nisingeliweza.

Kasoro ipo. Siku ya kwanza tulitakiwa kusimulia maumivu yetu mbele ya watu tusiowajua, na sisi tuliolelewa kwamba siri ya mtungi aijuaye kata tulinyamaza, tukadhaniwa hatuna la kusema. Wawezeshaji wangetanguliza mazungumzo ya wawili wawili, kama walivyofanya baadaye.

Ninaupendekeza mpango huu kwa dhati kwa mwalimu aliyefundisha angalau miaka mitatu. Kabla ya kujiandikisha, uliza mlezi wako atakuwa nani na mtazungumza mara ngapi kwa mwezi.