Begi ya ndondi ya kushonewa Gikomba, uzoefu wangu wa miezi 5 nikijifunza pekee yangu

Mimi nafanya kazi ya shifti, saa zenye wenzangu wako jim mimi niko lindo, lakini ndondi iko kwa damu juu baba alikuwa anatusimulia kila Krismasi venye Robert Wangila alimwangusha Mfaransa raundi ya pili kule Seoul 1988 akatuletea dhahabu ya Olimpiki. Kwa hivyo nikaenda soko la Gikomba, Nairobi, kwa fundi wa maturubai akanishonea begi ya futi 4, na cheni yake, 4,200. Nimeifunga kwa stendi ya tangi la maji huku juu ya ploti, Umoja. Keateka alikubali bora nisipige baada ya saa tatu usiku, maana mlio unashuka mpaka kwa watu wa chini.

Mshono ni safi kabisa, mpaka leo hakuna uzi umetoka. Shida ilikuwa ndani. Fundi aliweka mchanga ndio iwe nzito, wiki mbili hivi mchanga wote ukateremka, chini ikawa jiwe na juu ikawa tupu, na kifundo cha mkono wangu wa kulia kikauma hadi nikashindwa kufinya nguo. Nilikasirika sana. Nikaifungua, nikamwaga mchanga, nikajaza vitambaa vya mitumba nimekata zipu na vifungo vyote, kila tabaka nashindilia na mti. Gunia moja na nusu. Tangu hiyo siku naipenda vibaya sana.

Sasa hii begi inakufunza. Ukiisukuma na ngumi inabembea kama mtoto kwa kamba, lakini ukiipiga vizuri, mkono uende na urudi haraka, inatetemeka tu pale pale na mlio unakuwa mkavu. Mimi mwezi wa kwanza yote ilikuwa kubembea. Ndio nikaamua raundi nzima iwe jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, peke yake, dakika 3 na mapumziko dakika 1 kwa taima ya simu, na usidanganywe, dakika 3 ni nyingi, ya pili ikiisha mabega yashakuwa mazito. Nikajirekodi na simu nikaona kila nikitupa mkono wa kushoto ule wa kulia unashuka kwa kifua, yaani uso uko wazi kabisa. Hiyo ilinisumbua moyo. Sai nabana soksi imekunjwa chini ya kidevu na ngumi ya kulia inakaa kwa shavu, soksi ikianguka naanza raundi upya.

Miguu nayo nilibandika selotepu kwa simiti, mguu wa mbele unatangulia ukienda mbele, wa nyuma unatangulia ukirudi, isivukane hata siku moja. Raundi 3 za kupiga hewa kwanza, halafu ndio begi. Glavu zangu ni aunsi 14 na bandeji nunua ile ndefu ya mita 4.5, ile fupi haifiki kuzunguka kifundo cha mkono na vidole vizuri.

Kitu begi haiwezi ni kukurudishia ngumi, wala haitakwambia umesimama vibaya. Jumamosi nikiwa ofu napitia sosho holi moja Eastlands kocha aniangalie dakika kumi, na karibu kila mara ananirekebisha kisigino cha nyuma, nimekilaza badala ya kukiinua kidogo.

Ukienda kushonewa mwambie fundi asiweke mchanga kabisa, nunua vitambaa mwenyewe ukae hapo akijaza, na kabla hujalipa bonyeza begi kutoka juu mpaka chini na ngumi yako. Pia achia nafasi ya kufungua juu, mimi kila mwezi naongeza vitambaa kidogo juu zinashuka.